Kitanzi Kipo, Mkono Haupo

Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania akishamtia mtu hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia, kazi yake ya kupima imeishia hapo. Wakili wa utetezi akipenda atasimama kuomba huruma: mteja wake hana rekodi ya kosa, ana watoto wadogo, amekaa mahabusu miaka sita akisubiri siku hii. Mawakili wazoefu wengi hawajisumbui. Wanajua kwamba jaji, hata akiguswa vipi, atasema kilekile ambacho angesema kama chumba kizima kingebaki kimya: mshtakiwa atanyongwa hadi kufa. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hakikumwachia njia nyingine. Wanaokwepa maneno hayo ni mwanamke mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18.

Sasa chukua watu watatu. Wa kwanza amelipwa fedha, akamvizia mfanyabiashara usiku na kumpiga risasi kifuani. Wa pili alibaki nje ya uzio akiangalia njia wakati wenzake wanaingia kuiba. Ndani mlinzi akapigwa nondo akafa. Huyu wa nje hakushika nondo, hata sura ya marehemu hakuiona, lakini sheria inasema walikuwa na nia ya pamoja. Wa tatu ni mwanamke aliyekula kipigo cha mumewe kwa miaka mingi, na usiku mmoja mume akiwa usingizini akachukua shoka. Utetezi wa kughadhibishwa hautamsaidia sana, kwa sababu unataka hasira ya papo hapo, na mtu aliyelala hamghadhibishi mtu. Hakuna mjumbe wa baraza la kata, wala shangazi anayesuluhisha ugomvi wa ukoo, ambaye angewapa watu hawa watatu adhabu moja. Mahakama Kuu haina hiari: ikiwatia hatiani, wote wanakwenda kitanzini.

Ulazima huu hutetewa kwa hoja ya usawa. Tajiri akiua na maskini akiua, wote kamba moja, hakuna wa kumhonga jaji ampunguzie. Ni hoja nzuri, na ingekuwa ya kweli kama upimaji ungekuwa umefutwa. Haukufutwa, umehamishwa. Unafanyika mwanzoni, katika ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, pale mwanasheria wa Serikali anapoamua kama jalada liende mahakamani kwa kuua kwa kukusudia au lishushwe liwe kuua bila kukusudia, kosa ambalo mtu anaweza kufungwa maisha na anaweza pia kutoka na miaka michache. Unafanyika tena mwishoni, Ikulu, pale Rais anapoamua kusaini au kutosaini. Katika sehemu zote hizo mbili hakuna anayewajibika kutuandikia sababu zake. Katikati yupo jaji, ambaye peke yake katika mlolongo mzima analipwa kupima hadharani na kuandika alivyopima ili mwenzake wa rufaa aje kumkosoa. Huyo ndiye tuliyemfunga mikono.

Kesi ambayo wazee wa Iringa hawajaacha kuibishania inaonyesha jambo hili vizuri. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alifika Ismani kwenye shamba la Said Mwamwindi, mkulima mkubwa wa mahindi, akamkuta analima. Ulikuwa wakati wa kusukuma vijiji vya ujamaa, na Ismani yenye mashamba makubwa ya watu binafsi ilikuwa imelengwa hasa. Wakajibizana. Mwamwindi akaenda kuchukua bunduki, akampiga Mkuu wa Mkoa risasi, akaupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe, akaliendesha hadi kituo cha polisi mjini Iringa na kujisalimisha. Kesi ilisikilizwa mwaka uliofuata. Utetezi ulisema alidhalilishwa hadi akapotewa na utambuzi. Mahakama haikukubali, na Mwamwindi akanyongwa.

Sina nia ya kumfanya shujaa, ingawa wapo wanaomfanya. Kleruu alikuwa mtumishi wa umma kazini, na mkewe na watoto wake hawakuwa na deni na mkulima yeyote wa Ismani. Ninachokitazama ni namna sheria ilivyolifanya swali zito liwe na majibu mawili tu. Ama matusi ya shambani yalifikia kipimo cha kughadhibishwa, na kosa likashuka, ama hayakufikia, na mtu akanyongwa. Hapakuwa na nafasi ya jaji kusema: hayakufikia kipimo, lakini yalikuwapo, na nitayahesabu katika adhabu. Ilibaki huruma ya Rais. Rais alikuwa Mwalimu Nyerere, aliyemteua marehemu, na aliyeongoza chama kilichobuni siasa ambayo marehemu alikuwa akiitekeleza siku ile. Hata malaika angekuwa kwenye kiti kile angepata shida kuonekana mwadilifu. Mwalimu alipima anavyojua, na sababu zake hazikuandikwa kwenye hukumu yoyote ambayo mwanafunzi wa sheria anaweza kuifungua leo na kubishana nayo.

Mahakama zetu zenyewe zimewahi kulishika swali hili kwa mikono miwili. Mwaka 1994, huko Dodoma, Jaji James Mwalusanya alikuwa na watu wawili aliokwisha kuwatia hatiani kwa mauaji katika shauri linalojulikana kama Mbushuu. Badala ya kutamka adhabu ya kunyongwa, aliandika hukumu ndefu akisema adhabu hiyo inavunja Katiba kwa sababu ni ya kikatili na inamtweza mtu, akawapa kifungo cha maisha. Jamhuri ikakata rufaa. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwenye jambo kubwa kuliko yote: ndiyo, adhabu ya kifo ni ya kikatili, na kunyonga kunamtweza mtu. Kisha ikasema Ibara ya 30(2) ya Katiba inaruhusu sheria ya namna hiyo kwa maslahi ya umma, na kwamba kama adhabu hiyo ni ya lazima kulinda uhai au la ni jambo la jamii kuamua. Wale wawili wakapewa adhabu ya kunyongwa.

Nimeisoma hukumu ile zaidi ya mara moja na bado inanisumbua. Majaji hawakuwa watu wa kukurupuka. Mmoja wao, Augustino Ramadhani, baadaye alikuwa Jaji Mkuu, kisha Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Waliona tatizo, wakalitaja kwa jina lake, wakaliacha mlangoni kwa jamii. Jamii ni nani? Katika nchi yenye Bunge, jamii inayotunga sheria ni Bunge. Miaka thelathini baadaye mzigo ule bado uko mlangoni.

Mwaka huohuo wa 1994 ndipo kamba ilipofanya kazi Tanzania kwa mara ya mwisho, Rais akiwa Ali Hassan Mwinyi. Benjamin Mkapa alikaa Ikulu miaka kumi, hakunyonga mtu. Jakaya Kikwete miaka kumi, hakunyonga. Akaja John Magufuli, na kama kuna kiongozi ambaye umma ungetarajia asaini bila mkono kutetemeka, ni yeye. Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, alisema anajua kuna watu wamehukumiwa kunyongwa, akaomba asipelekewe orodha hiyo kwa sababu anafahamu ugumu wa kuitekeleza. Desemba 9 mwaka ule, kwenye sherehe za Uhuru, akawasamehe 61 kati yao. Rais Samia Suluhu Hassan naye hajasaini.

Basi tuna nchi ambayo marais wake, mmoja baada ya mwingine, wakiwa na tabia na misimamo tofauti kabisa, wameshindwa au wamekataa kufanya kile ambacho sheria inawaagiza majaji wakitamke kila kukicha. Fungua gazeti lolote la wiki hii: Bukoba, Geita, Songea, mtu ahukumiwa kunyongwa hadi kufa. Jaji anatamka, karani anaandika, askari magereza anampeleka Isanga au Butimba au Ukonga, na pale anaanza kungoja kitu ambacho kila mtu serikalini anajua hakiji, isipokuwa yeye. Hana siku, hana mwezi. Rais mpya akiapishwa, anahesabu upya. Watu husema afadhali hivyo kuliko kunyongwa, na bila shaka ni afadhali. Lakini hakuna sheria iliyompa mtu adhabu ya kutishwa miaka ishirini.

Waganda walilitatua hili mapema. Katika shauri la Susan Kigula na wenzake mamia, Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema Januari 2009 kwamba adhabu ya kifo ya lazima haipatani na katiba yao, na kwamba aliyekwisha kumaliza rufaa zake zote akikaa miaka mitatu bila kunyongwa, adhabu yake inageuka kifungo cha maisha. Kigula mwenyewe, aliyekuwa miongoni mwa waliohukumiwa kifo, alisomea sheria akiwa gereza la Luzira na akatoka mwaka 2016. Ikumbukwe kwamba Uganda ilinyonga watu 28 kwa mpigo mwaka 1999, kwa hiyo si nchi iliyokuwa na moyo laini.

Naujua upande wa pili, na sitaki kuufanya mdogo. Kati ya 2007 na 2009 Kanda ya Ziwa ilishuhudia watu wenye ualbino wakikatwa viungo wakiwa hai ili mtu fulani apate bahati mgodini au kwenye uchaguzi. Mwanzoni mwa 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitamka kwamba wanaoua albino nao wauawe, akabanwa bungeni kwa kauli hiyo, akalia mbele ya wabunge. Alikuwa amekosea kisheria na hata yeye alilijua hilo, lakini machozi yale yalikuwa ya watu wengi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Niliposoma habari ile sikusikitika. Mtu anayeniambia kwamba wauaji wale walistahili kamba, sina jibu la kumnyamazisha. Kustahili ni mizani ya moyo, na kila mmoja ana wa kwake.

Tena upande huo una hoja moja ambayo wanaharakati wa kufuta adhabu hii huipita haraka mno. Wananchi hawaamini kifungo cha maisha. Wakisikia maisha, wanasikia mpaka sikukuu ijayo. Hawakulitunga hilo. Siku ileile ya Desemba 9, 2017, wanamuziki Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha kwa kubaka watoto, walitoka gerezani kwa msamaha wa Rais, na redio zikapiga nyimbo zao. Ibara ya 45 inampa Rais uwezo huo, na kuna watu wengi walioamini kwamba hawakuwa na hatia tangu mwanzo. Lakini mzazi aliyepoteza mtoto huko Njombe au Shinyanga, akiona hivyo, atakuambia: mimi nataka kamba, maana kamba haina msamaha wa sikukuu. Anayetaka kumwondolea mzazi huyo kamba lazima kwanza ampe kifungo chenye idadi ya miaka inayojulikana, isiyoguswa na mtu kabla haijatimia.

Kinachonifanya mimi niwe upande wa kuifuta ni jinsi tunavyompata muuaji, na hapo nitakaa kidogo.

Mwaka 1976, vyombo vya dola viliendesha operesheni Mwanza na Shinyanga kuwasaka waliokuwa wakiua vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Ajuza waliopikia kuni na mavi ya ng'ombe maisha yao yote, macho yakawa mekundu kwa moshi, walikuwa wakikatwa mapanga kwa ajili ya macho hayo. Kila mtu alitaka wauaji wapatikane. Watuhumiwa walikamatwa kwa wingi, wakateswa ili waseme, na baadhi wakafia mikononi mwa waliowashika. Habari zilipojulikana, Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu, mapema 1977, ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake. Waziri huyo alikuwa Ali Hassan Mwinyi, na kujiuzulu kule ndiko kulikomjengea jina la mtu muungwana. Kunyonga kulikuwa ndani ya sheria muda wote huo, na wakati ule kulikuwa kukitekelezwa kweli. Vikongwe waliendelea kuuawa miaka ya 1980, 1990 na 2000. Wauaji waliijua kamba, ila hawakutegemea kukamatwa, na waliokamatwa mara nyingi walikuwa watu wengine.

Hiyo ni zamani, mtu atasema. Basi soma hukumu za Mahakama ya Rufani za miaka hii, zipo wazi mtandaoni kwa yeyote. Nyingi za kesi za mauaji zinasimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni utambuzi: shahidi aliyeamshwa usiku wa manane na watu wenye mapanga, akasema aliwatambua kwa mwanga wa tochi, au kibatari, au mbalamwezi. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980 mahakama imeweka masharti: shahidi aliwaona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa nguvu gani, aliwafahamu kabla? Nguzo ya pili ni maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayodaiwa kuyatoa mbele ya polisi, ambayo sheria inataka yachukuliwe ndani ya saa nne tangu akamatwe. Mara ngapi majaji wa rufaa wameyatupa kwa sababu yalichukuliwa baada ya siku mbili, au hayakusomwa kortini, au mtu alionyesha makovu! Maelezo yakitupwa na tochi ikizimika, hakuna kilichobaki, na hukumu inafungwa kwa sentensi ambayo kila karani anaijua kwa moyo: mrufani aachiwe huru mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali.

Wapo wanaoifurahia sentensi hiyo kama ushahidi kwamba mfumo unajisahihisha. Mimi inanitia baridi. Mtu huyo alikwisha kuambiwa na jaji aliyesomea kazi yake kwamba atanyongwa. Tofauti kati ya kunyongwa na kurudi kwao Sengerema ilikuwa wakili mmoja aliyesoma jalada vizuri hatua ya rufaa. Wakili wa kesi ya kwanza ni wa kupangiwa na mahakama, malipo yake ni ya kumfanya asichelewe kesi nyingine, na mara nyingi anamwona mteja wake kwa mara ya kwanza kwenye korido za mahakama. Kabla ya hapo mteja amepita miaka akipelekwa kwa hakimu na kurudishwa mahabusu bila dhamana, kila baada ya siku kumi na nne akisikia kwamba upelelezi bado haujakamilika. Serikali yenyewe inaujua udhaifu huu. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyomkabidhi Rais Samia ripoti yake Julai 2023, iliigusa kazi ya upelelezi kuliko pengine popote, ikitaka iundiwe chombo chake. Nchi ambayo tume yake ya Rais inasema upelelezi unahitaji kuundwa upya inawezaje wakati huohuo kuutumia upelelezi huo kuvunjia watu shingo?

Kuhusu kama kamba inazuia mauaji, sitapoteza wino mwingi. Wamarekani, wanaochoma watu sindano na wasiofanya hivyo, wamelichunguza kwa miaka, na mwaka 2012 Baraza lao la Taifa la Utafiti lilisema tafiti zilizokuwapo haziwezi kutumika kuthibitisha upande wowote. Kwetu ushahidi wa barabarani unatosha. Mwizi wa kuku anachomwa kwa tairi na wananchi wenye hasira kali katika nchi ambayo adhabu ya kifo ipo kwenye vitabu. Wananchi hao hawakosi sheria kali. Wanakosa polisi wanayemwamini kwamba hatamwachia mtu kesho yake.

Na familia ya marehemu? Katika mjadala mzima hakuna anayetajwa sana na kusahauliwa sana kama huyo. Waislamu wa pwani wanafahamu kwamba katika kisasi, mwenye haki ni walii wa aliyeuawa: anaweza kudai, anaweza kupokea diya, anaweza kusamehe, na kusamehe kumesifiwa. Wafugaji wa bara walikuwa na ng'ombe wao wa damu, waliotoka boma moja kwenda jingine ili mjane na watoto wasife njaa na vijana wasishike mikuki. Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza ilimwondoa mwenye msiba akawa shahidi namba mbili. Mlalamikaji ni Jamhuri. Mjane anajilipia nauli kwenda kutoa ushahidi, anaulizwa maswali ya kumchanganya, anarudi kijijini. Baada ya hapo hana sauti katika adhabu wala katika msamaha, na fidia ni nadra kuisikia. Tunamwambia tumemhukumu muuaji kifo kwa ajili yako, huku tukijua hatutamnyonga, na kwa kweli hatukumpa chochote. Waingereza wenyewe waliacha kunyonga kwa mauaji mwaka 1965.

Sipendi sana hoja ya kwamba jambo fulani ni la wakoloni, maana hata reli ni ya wakoloni na tunaipanda. Lakini anayesema kunyonga ni desturi yetu aende Kilwa Kivinje akaulizie Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Au Pangani, walikomnyonga Abushiri bin Salim 1889. Au Songea, ambako mnara umejengwa kwa watu walionyongwa baada ya Maji Maji, wote kwa hukumu zilizoandikwa na kugongwa mihuri.

Mji ambao ungetusaidia kufikiri ni Arusha. Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kushughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda, na Arusha ikawa makao yake. Rwanda, iliyokuwa mjumbe wa Baraza wakati huo, ilipiga kura ya hapana peke yake, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba mahakama hiyo haitakuwa na adhabu ya kifo. Ilikuwa hasira halali. Wanyarwanda waliona kwamba waliopanga wangefungwa kwenye magereza yenye vitanda huko nje, na waliotumwa wangeuawa nyumbani. Aprili 1998 wakawapiga risasi hadharani watu 22. Baada ya hapo hawakuua tena kwa hukumu, na mwaka 2007 wakaifuta adhabu hiyo kabisa, kwa sababu pia walitaka watuhumiwa waliotoroka warudishwe, na hakuna aliyekuwa tayari kuwarudisha wakauawe. Nchi iliyokuwa na sababu kuliko nchi zote za Afrika ya kubaki na kamba ndiyo iliyoiacha.

Pale Arusha, Kanali Théoneste Bagosora alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008. Rufaa ikakipunguza mwaka 2011 kikawa miaka 35, na alifia Mali akiwa mfungwa mwaka 2021. Majaji walipima, wakaandika, wakapingana na wenzao wa rufaa, kwa mtu aliyehusishwa na damu ya taifa zima. Muda wote huo, katika mji huohuo, Mahakama Kuu ya Tanzania ilikuwa ikimsomea yule aliyesimama nje ya uzio adhabu ya kunyongwa, bila ruhusa ya kupima lolote.

Arusha ndiko pia iliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Novemba 28, 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, iliiambia Tanzania kwamba ulazima wa adhabu hii unavunja haki ya kuishi kwa sababu unamnyima jaji nafasi ya kupima, kwamba kunyonga kunavunja utu, na kwamba sheria irekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Wiki moja kabla, Serikali ilikuwa imewasilisha barua ya kujitoa kwenye tamko linalowaruhusu wananchi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mwaka ulipita, na mingine mingi imeufuata.

Kenya walifika njiapanda hii kabla yetu, na makosa yao yana faida kwetu. Hawajanyonga tangu Julai 1987, walipowanyonga Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu zaidi ya watu 4,000 kwa mara moja, wengi wao wakiwa wa wizi wa mabavu, kosa linalosikilizwa na hakimu, na ambalo kwa miaka mingi mshtakiwa asiye na fedha alilijibu bila wakili. Gereza likajaa tena, kwa sababu sheria ilibaki palepale. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema katika shauri la Muruatetu kwamba ulazima unavunja katiba, mahakama zikaanza kuwapangia watu adhabu upya, za wizi wa mabavu zikachanganywa humo, na Julai 2021 Mahakama ya Juu ikalazimika kurudi na kusema ilikuwa imezungumzia mauaji tu. Hayo ndiyo hutokea Bunge likiwaachia majaji kazi yake.

Kwa hiyo ningependa Bunge letu lianze na kinachowezekana hata kwa mbunge anayeipenda kamba. Kifungu cha 197 kirekebishwe ili jaji aliyemsikiliza mshtakiwa, mashahidi na familia ya marehemu apime adhabu, na kwa mauaji mabaya kabisa awe na kifungo chenye miaka ya lazima ambayo msamaha wa sikukuu haugusi. Hoja ya kuondoa kunyonga kabisa, ambayo ndiyo yangu, inaweza kubishaniwa kikao kinachofuata, na nadhani itakuwa nyepesi kwa sababu marais wetu wamekwisha kuipigia kura kwa kutosaini.

Kazi ngumu itakuwa ya wale ambao tayari wako ndani. Malawi ulazima ulifutwa na mahakama mwaka 2007, lakini ilichukua miaka kadhaa hadi waliohukumiwa zamani waanze kusikilizwa upya. Majalada yalikuwa yamepotea. Mawakili na wasaidizi wao walilazimika kwenda vijijini kutafuta ndugu wa pande zote mbili na watemi wao, kuuliza mtu huyu alikuwa nani kabla ya siku ile, alikuwa na akili timamu, alikuwa na umri gani hasa. Zaidi ya watu 100 waliachiwa. Kwetu zoezi hilo litahitaji mawakili wanaolipwa, magari ya kufika Meatu na Ludewa, na fungu katika bajeti ya Wizara ya Katiba na Sheria, na litahitaji kuanza wakati watu waliotoa ushahidi miaka ya 1990 bado wako hai.